Ling'olewe tu, Wajapani wataotesha jingine!

Najua nimepotea, mitihani ya katikati ya muhula ilinikaba koo, si mnajua tena mambo ya kudesa usiku kucha. Leo sina stori za bwenini, sina stori za boom, sina stori za mpira. Leo nimekuja na ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kila baada ya miezi michache kuna ujumbe unapita kwenye magrupu ya WhatsApp: wanasayansi wa Japani wamegundua dawa ya kuotesha meno! Picha ya mtu anacheka, meno meupe kama karatasi, chini yake maelezo ya mistari mitatu. Ujumbe unatoka grupu la kozi unaenda grupu la kanisani, unatoka huko unaenda grupu la ukoo. Sina neno na furaha ya watu. Neno langu liko kwenye kinachofuata. Nimewasikia kwa masikio yangu, kwenye foleni ya chakula na bwenini: "Hili gego linanisumbua, naling'oa tu. Kwani shida iko wapi? Miaka mitano ijayo tunaotesha mengine."

Jamani. Jamani jamani.

Msimamo wangu nautoa mapema, ili asiyetaka kusoma yote aondoke nao. Kati ya tiba za kurejesha jino au fizi ambazo zinafanya kazi kweli leo, hakuna hata moja inayoanza kwa kukung'oa jino hilo. Zote zinataka jino liwepo mdomoni. Kwa hiyo anayechukua habari za kuotesha meno akazifanya ruhusa ya kung'oa, huyo anauza ng'ombe wake kwa sababu kasikia kuna siku maziwa yatanyesha kama mvua.

Na kabla hamjaniuliza: hapana, sisomei udaktari wa meno. Nasomea ualimu, baiolojia na kemia. Lakini meno ni mfupa, seli, asidi na madini, na hayo ndiyo yanayonikosesha usingizi muhula mzima. Nimesoma nikaelewa, na hoja zangu naziweka mezani. Anayeweza kuzipangua azipangue.

TUANZE NA HAO WAJAPANI

Watu wenyewe wapo, si uzushi. Dk. Katsu Takahashi wa hospitali ya Kitano kule Osaka na wenzake wamechunguza kwa miaka mingi protini moja inaitwa USAG-1. Kazi ya protini hii ni kama breki: inazuia jino lisiendelee kuota. Wakawaza, tukiifungua breki, je, chipukizi la jino lililolala litaamka? Mwaka 2021 walichapisha matokeo yao. Walitumia kingamwili ya kuizima USAG-1 kwa panya na kwa wanyama wa jamii ya vicheche, na meno yakaota. Mwaka 2024 majaribio kwa binadamu yakaanza Kyoto.

Kazi safi kabisa, mimi naivulia kofia. Ila sasa soma yale ambayo ujumbe wa WhatsApp hausemi. Hatua ya kwanza ilipangwa kwa wanaume 30, wenye umri wa miaka 30 hadi 64, waliokosa angalau gego moja. Shabaha ya hatua hiyo ilikuwa usalama, yaani kujua dawa inadhuru mwili au haidhuru. Na wanaolengwa kwanza baada ya hapo ni watoto waliozaliwa na upungufu wa meno, wale ambao meno yao kadhaa hayakuota kabisa tangu asili. Mwaka 2030 unaotajwa ni matumaini ya watafiti kuifikisha dawa kwa wagonjwa wa namna hiyo. Nimesema matumaini, siyo ratiba ya boti ya Zanzibar.

Kwa hiyo wewe wa miaka 22 ambaye jino lako limetobolewa na soda, kwenye foleni hiyo haupo. Si mbele, si nyuma. Unang'oa jino leo kwa ahadi ambayo hata hukupewa.

Mwingine ataniletea London. Haya, tuje London. Mwaka 2017 Profesa Paul Sharpe na timu yake ya King's College walichukua vipande vidogo vya sponji ya kolajeni, wakavilowesha dawa iitwayo Tideglusib, ambayo ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, wakavitia kwenye matundu ya meno ya panya. Dentini ikajijenga na kuziba tundu. Inapendeza. Lakini kwanza ni panya. Pili, na hapa ndipo penye hoja, sponji iliwekwa ndani ya jino lililopo. Jino lililotupwa kwenye ndoo ya taka halitiwi sponji.

KUREJESHA KULIVYO LEO, SIYO KESHOKUTWA

Sasa tuache habari za mbele. Mnadhani kurejesha meno ni kitu cha mwaka 2030? Kipo, kinafanyika, na sehemu yake moja unayo bafuni.

Kwanza enameli, lile ganda gumu la nje. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Seli zilizoijenga zilishakufa jino lilipochomoza, ndiyo maana enameli ikishamomonyoka haijirudishi kama ngozi iliyochubuka. Lakini kabla ya tundu kuna hatua ambayo watu hawaijui: doa jeupe, kama chokaa. Hapo madini yameanza kutoka ila ukuta bado umesimama. Mate yako yana kalsiamu na fosfeti, na yakipewa nafasi yanayarudisha yale madini. Ukiongeza floraidi, madini yanarudi kwa kasi zaidi na yanakaa imara zaidi dhidi ya asidi. Hiyo ni tiba ya kurejesha, ndugu yangu! Inauzwa dukani kwa Mangi, kwenye tyubu iliyoandikwa ppm 1,000 hadi 1,500. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ukimaliza kupiga mswaki tema povu, usisukutue kwa kikombe kizima cha maji, iache ifanye kazi.

Na mate yapewe nafasi. pH ikishuka chini ya kama 5.5 enameli inaanza kuyeyuka. Kila unapopiga funda la soda au kinywaji cha kuongeza nguvu, bakteria wanageuza sukari kuwa asidi ndani ya dakika chache, na mate yanahitaji kama nusu saa, wakati mwingine zaidi, kurudisha hali. Sasa wewe chupa moja unainywa kidogo kidogo toka saa mbili usiku mpaka saa saba, eti unasoma. Umeyapa mate yako saa ngapi za kazi?

Pili, kiini cha jino, pale penye mishipa ya damu na neva. Chukua mtoto wa miaka minane aliyeanguka na baiskeli, jino la mbele likafa kabla mzizi haujamaliza kukua. Mzizi mfupi, kuta nyembamba, ncha iko wazi. Jino la hivyo kulitibu lilikuwa mtihani. Mwaka 2001 madaktari wa Japani, na mwaka 2004 wenzao wa Marekani, walieleza njia nyingine: safisha ndani kwa dawa, ua vijidudu, kisha chokoza kidogo tishu zilizo nje ya ncha ili damu ijae kwenye mzizi, halafu ziba juu kwa saruji ya meno. Na hiyo saruji, msicheke, ni ndugu wa damu wa saruji ya kujengea nyumba. Damu ile inabeba seli shina, na mara nyingi mzizi unaendelea kurefuka na kunenepa. Si miujiza. Kinachojaa ndani mara nyingi hufanana na mfupa kuliko kiini cha asili. Lakini mtoto anabaki na jino lake.

Tatu, fizi. Hapa nitaomba mvumilie niwapandishe daladala.

Fikiria daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Ugonjwa wa fizi umekula mfupa, daktari kafungua, kasafisha, sasa kuna nafasi tupu kati ya mzizi wa jino na mfupa. Wanaogombea nafasi hiyo ni seli za ngozi ya fizi, seli za kano zinazolishika jino, na seli za mfupa. Seli za ngozi ndizo wale vijana wa kupitia dirishani. Zina mbio, zinawahi siti zote. Kano na mfupa zinakuja taratibu kama mama mwenye mtoto mgongoni, zinakuta gari limejaa. Kidonda kinapona, lakini jino halijashikwa na kitu.

Kule Sweden kina Sture Nyman, Jan Lindhe na Thorkild Karring wakajiuliza: na tukifunga madirisha? Mwaka 1982 wakaeleza mgonjwa ambaye waliweka kichujio chembamba kati ya fizi na mzizi, kikawazuia vijana wa dirishani, na seli za kano zikapata muda wa kupanda na kujishikiza upya kwenye mzizi. Hiyo ndiyo mama wa tiba za kurejesha fizi na mfupa mpaka leo. Katikati ya miaka ya 1990 Wasweden wakaleta jeli ya protini za enameli inaitwa Emdogain, inapakwa kwenye mzizi kuamsha kano na mfupa. Mwaka 2001 kule Ufaransa Joseph Choukroun akaja na njia ya kuchukua damu ya mgonjwa mwenyewe, kuizungusha kwenye mashine na kupata utando wenye chembe za uponyaji, nao unawekwa kwenye kidonda.

Na mipaka ipo. Njia hizi zinafaa zaidi pale mfupa ulipoliwa kama shimo lenye kuta pembeni ya jino. Mfupa ukishashuka sawasawa kinywa kizima, kama bahari iliyokupwa, hakuna jeli ya kuurudisha. Wavuta sigara hupata matokeo mabaya zaidi. Na kama mgonjwa hasafishi kinywa, kila kitu kinabomoka tena.

Mmeona uzi unaopita katikati? Enameli inarejeshwa kama ukuta bado umesimama. Mzizi unakua kama mzizi upo. Kano inapanda kama kuna jino la kupanda. Ukishang'oa, kano imekwenda na jino, na ule mfupa uliokuwa unalibeba unaanza kujiondokea kwa sababu hauna kazi tena. Utafiti mmoja wa mwaka 2003, uliofuatilia magego na meno yaliyo mbele yake, ulikuta upana wa mfupa pale palipong'olewa umepungua kama nusu ndani ya miezi 12, na sehemu kubwa ya hasara ilitokea miezi mitatu ya mwanzo. Jirani zake wanaanza kuegemea pengo, na la juu linashuka kutafuta mwenzake. Hata hao Wajapani wakifanikiwa, jino jipya litahitaji pa kukaa!

NA HAPA KWETU JE?

Hapa ndipo hasira yangu inapokaa.

Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, wataalamu wa afya ya kinywa akiwemo Mholanzi Jo Frencken walikuwa na tatizo: vijijini hakuna umeme, mashine ya kutoboa jino haifanyi kazi, kwa hiyo kila jino bovu linang'olewa. Wakaanza kukwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, na kuziba kwa saruji ya meno. Hakuna mlio wa mashine, mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Baadaye kikatumika zaidi kizibo cha glasi ayonoma, ambacho kinashikana na jino chenyewe na kinatoa floraidi taratibu. Njia hiyo leo inajulikana kwa jina la ART. Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994, ambayo ilihusu afya ya kinywa, WHO waliitangaza kwa dunia nzima.

Someni tena. Dunia ilijifunza kwetu namna ya kuokoa jino bila umeme. Na sisi, wajukuu wa ugunduzi huo, tunaketi bwenini penye umeme na bando tukisema ling'olewe tu!

Rumeti wangu alikwenda zahanati moja mjini na gego linalouma. Siitaji zahanati, maana najua siyo hiyo peke yake. Aliulizwa lipi, akaonyesha, akaambiwa fungua mdomo. Alipouliza kama kuna namna nyingine akajibiwa: "Unang'oa au unaenda kuvumilia?" Hakuna picha ya eksirei, hakuna neno kuziba, hakuna neno rufaa. Ilikuwa bahati yake hela ya nauli tu ndiyo iliyobaki, akarudi na jino lake. Sehemu nyingine aliyokwenda wiki iliyofuata wakamtazama, wakampiga picha, wakamwambia mzizi unatibika. Sasa anatafuta hela ya kutibu mzizi, na haipatikani kirahisi, hilo silifichi.

Sisemi wahudumu wote wako hivyo. Kuna mtu mmoja anahudumia foleni ya siku nzima kwa kiti kimoja, hana vifaa vya kuziba, na wagonjwa wenyewe wanafika jino likiwa limebaki kisiki, wanapiga magoti ling'olewe. Na kuna meno ambayo kweli hayana budi: mzizi umepasuka, au mfupa umeisha wote. Hilo ling'olewe, na aliyeling'oa tumshukuru. Lakini upungufu wa vifaa usigeuzwe kuwa ushauri. Kama hamna cha kuzibia, mwambie mtu, "Linazibika, ila hapa hatuna, nenda kule." Sentensi moja tu. Haihitaji bajeti.

Na lingine linaloniuma kuliko yote. Wangapi humu mmesikia habari za meno ya nailoni, wengine wanaita meno ya plastiki? Mtoto mchanga ana homa au anaharisha, ndugu wanamfungua kinywa, wanaona fizi imevimba na kuna kitu cheupe, wanaambiwa hicho ndicho kinamuua. Kinachimbuliwa, mara nyingine kwa spoku ya baiskeli. Kile cheupe ni chipukizi la jino la chonge la utotoni. Homa ni ya malaria au ya kitu kingine, na inabaki pale pale. Mtoto anaongezewa kidonda, damu na vijidudu, wengine wanapoteza maisha, na anayepona anaweza kukuta hata chonge lake la ukubwani limeharibika. Hebu pima mwenyewe: kule watu wazima wenye shahada wanatumia miaka kutafuta namna ya kuliamsha chipukizi moja, huku sisi tunayafukua yaliyo hai. Mwalimu mtarajiwa nasema: hili liingie darasani kabla ya habari za Japani.

WAUZA MIUJIZA

Penye njaa ya matumaini hapakosi muuzaji. Siku hizi kuna tyubu zinapita mitandaoni: hii inarudisha fizi kwa siku saba, ile ina seli shina, nyingine inaotesha jino usiku ukilala. Mwe!

Tumieni baiolojia ya kidato cha nne tu. Seli ni kitu hai. Seli shina za meno zipo kweli. Zilielezwa mwaka 2000 kutoka kwenye kiini cha jino la mtu mzima, na mwaka 2003 kutoka kwenye meno ya utotoni. Lakini zinatunzwa maabara kwenye joto maalumu na chakula maalumu. Haziwezi kuishi miezi sita ndani ya tyubu juu ya rafu Kariakoo, jua kali, umeme umekatika. Fizi iliyoshuka na mfupa uliokwisha havirudi kwa kupaka. Fizi iliyovimba na kutoa damu, hiyo inarudi, tena bila miujiza: utando utoke kila siku kwa mswaki, ugaga ukwanguliwe na mtaalamu. Ndiyo maana muuzaji anapata ushuhuda. Mtu kaanza kupiga mswaki kwa bidii kwa sababu kanunua tyubu ya bei mbaya, damu ikakoma, sifa kachukua tyubu.

Na hata kwenye tiba za kweli, uliza. Ile Emdogain niliyoitaja imetengenezwa kutokana na vichipukizi vya meno ya nguruwe wachanga. Baadhi ya unga wa mfupa unaowekwa kwenye mapengo unatokana na ng'ombe. Kuna mgonjwa ambaye kwake hilo si tatizo, na kuna mgonjwa ambaye dini yake au moyo wake unakataa. Ni haki yake kuambiwa kabla ya ganzi, kwa sababu njia nyingine zipo, ikiwemo ile ya damu yake mwenyewe.

NAJUA MTAKAVYONIJIBU

"Kung'oa ni rahisi, kuziba ni ghali." Kweli kwa leo. Lakini pengo lina bei yake pia: jino la bandia, daraja, au skrubu ya kwenye mfupa ambayo bei yake ukisikia utakaa chini. Na kitu cha bei rahisi kuliko vyote ni tundu dogo lililozibwa mapema. Ghali ni kusubiri.

"Floraidi ndiyo iliyowachafua meno watu wa Arusha." Hoja nzuri, nimeingoja. Ni kweli maji ya maeneo mengi kuzunguka Meru na Kilimanjaro yana floraidi nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo WHO wanashauri isizidi, na mtoto anayeyanywa wakati enameli yake inaumbwa anapata madoa ya kahawia, wengine mpaka mifupa inaumia. Hilo ni tatizo la maji na serikali ilishughulikie. Lakini wewe mtu mzima meno yako yameshaumbika, na dawa ya mswaki unaitema. Chumvi ikizidi inaharibu mboga, je, tumeacha kununua chumvi?

"Wewe unapinga maendeleo ya sayansi." Mimi? Mimi nataka sayansi iliyopo ifike kwanza. WHO katika ripoti yake ya mwaka 2022 walikadiria watu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na kama bilioni moja wana ugonjwa mkali wa fizi. Wengi wao wanakwama kwenye vitu vya zamani kabisa: kizibo, kusafishwa ugaga, floraidi. Na kuna dawa ya fedha na floraidi ambayo inapakwa tu kwenye tundu na kusimamisha uozo. Inaacha weusi, ndiyo, lakini jino linabaki. Nayo iliingia kwenye ile orodha ya WHO ya mwaka 2021 pamoja na glasi ayonoma. Sasa nani anapinga sayansi, anayetaka hizi zipatikane, au anayesambaza picha ya mtu anacheka kisha anakwenda kung'oa?

BASI TUFANYE NINI

Mambo mawili tu, siwachoshi.

La kwanza ni lako binafsi. Ukikaa kwenye kile kiti, kabla sindano haijaja, uliza: jino hili linaweza kuokolewa? Kwa njia gani? Kama hapa haiwezekani, wapi inawezekana? Nikisubiri wiki mbili nitafute hela, kuna hatari gani? Ukijibiwa vizuri na bado jibu ni kung'oa, ng'oa kwa amani. Ila uso ukivimba, ukapata homa au ukashindwa kumeza, usisubiri wiki wala siku, kimbia hospitali. Jipu la jino linaua.

La pili ni letu sote. Kampeni za serikali ya wanafunzi zinakuja. Watakuja na fulana na ahadi za bonanza. Mimi nitawauliza swali moja: bima tunayolipia inaziba jino au inang'oa tu? Inasafisha ugaga? Inatibu mzizi? Kama haifanyi hivyo, nani kati yenu ataingia kwenye kikao kulidai kwa maandishi? Na wale wenzetu wanaosomea udaktari wa meno wanahitaji vinywa vya kujifunzia chini ya walimu wao. Sisi vinywa tunavyo, tele. Siku moja ya upimaji kila muhula, doa jeupe likamatwe kabla halijawa tundu. Bonanza litakuwepo tu.

Siku Wajapani wakifanikiwa nitashangilia, na yule mtoto aliyezaliwa bila meno akicheka kwa mara ya kwanza nitalia kabisa. Lakini dawa ile inatafutwa kwa ajili yake, ambaye hakupewa. Wewe ulipewa 32.

Nawasilisha. Anayebisha uwanja ni wake, ila aje na hoja, asije na picha ya WhatsApp. Mimi kesho nina semina saa mbili asubuhi, naenda kulala. Na wewe wa kitanda cha juu, mswaki!